Nyanya Yako Alikufa na Ugonjwa Gani?

Ukitaja Nyeri huku kwetu Mombasa, watu watakutajia baridi, majani ya chai na Wangari Maathai. Huyu wa mwisho tunamjua kwa miti. Alizaliwa Ihithe, Tetu, mwezi wa Aprili 1940, akaanzisha Green Belt mwaka 1977, akapigwa virungu Uhuru Park mwaka 1992, na mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Nobel ya Amani. Alipofariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011, akiwa na miaka 71, tulisimuliana sana habari za jeneza lake, lililotengenezwa kwa magugu maji, mafunjo na mianzi ili usikatwe mti kwa ajili yake. Kilichomuua, wengi wetu hatukukishika. Ilikuwa saratani ya ovari, yaani vile vifuko viwili vya mayai ya mwanamke.

Naanza na ugonjwa huo kwa sababu una tabia moja inayotuhusu sana. Hauna kipimo cha kuutafuta mapema. Mlango wa kizazi unaweza kupakwa siki ukaonyesha doa jeupe, au ukachukuliwa ute ukapimwa virusi vya HPV, na ziwa linaweza kupigwa picha. Ovari haifikiki. Uingereza walijaribu. Walichukua wanawake zaidi ya 200,000, wakawapima damu na kuwapiga picha za mawimbi kwa miaka, na matokeo ya mwisho yalipotolewa mwaka 2021 yakaonyesha kwamba upimaji huo haukupunguza vifo. Kwa ugonjwa huu, basi, daktari wa London na mhudumu wa zahanati ya Karatina wanaanzia mahali pamoja: kiti, mgonjwa, na maswali. Tumbo limekuwa likijaa? Unashiba kwa tonge mbili? Unakwenda haja ndogo mara kwa mara? Nyonga inauma? Siku ngapi kwa mwezi? Yakizidi siku 12 kwa mwezi, na ni mambo mapya kwako, si vidonda vya tumbo hivyo. Halafu linakuja swali ambalo ndilo limenifanya niandike: nani katika ukoo wenu amewahi kuugua saratani, na ya wapi?

Diploma yangu ni ya uandishi wa habari, si ya udaktari, na anayetaka matibabu asinitafute mimi. Lakini mwaka jana nilikaa Nyeri karibu wiki tatu, na nilichokiona kule kimenikaa. Binti wa khalati yangu ameolewa mjini hapo, kwenye familia ya Majengo. (Kwa wasiojua, miji mingi ya bara ina Majengo yake, na ukifuatilia utakuta misikiti na familia zilizotokana na watu wa misafara, mafundi na wafanyabiashara waliopanda kutoka pwani zamani wakabaki huko. Nyeri ina yake, Nanyuki ina yake.) Nilikwenda kwa sababu alikuwa akitokwa na damu bila mpango kwa miezi mitatu, siku tano kuna, siku mbili hakuna, kisha inarudi. Ana miaka 29. Alikuwa amekwisha kupewa vidonge vya kurekebisha homoni mara mbili.

Tulikwenda kliniki moja ya binafsi ambayo sitaitaja, tukiwa watatu: yeye, mimi, na mavyaa yake. Mavyaa yule ni mama mwema, wallahi. Ndiye aliyelipa nauli. Lakini tulipoingia chumbani tuliingia sote, na hakuna aliyetuambia tutoke. Mhudumu akauliza kwa haraka, kalamu mkononi: mimba ngapi? Binti akajibu mbili. Watoto wangapi hai? Wawili. Zilizoharibika? Hakuna. Yakaandikwa.

Usiku ule aliniambia ukweli, na kwa ruhusa yake nauandika. Mimba zilikuwa tatu. Miezi minane nyuma alikuwa amekuja Mombasa kumtazama mamake, akiwa na mimba changa ambayo hakuna mtu Nyeri aliyeijua isipokuwa mumewe. Huku akaanza kutoka damu, akapelekwa hospitali, akaambiwa ni mimba ya zabibu. Wazee wetu wanaijua. Ni ile mimba ambayo haifanyi mtoto, inafanya vijipovu vijipovu kama kichala cha zabibu. Akasafishwa, akaambiwa arudi kila wiki kupimwa damu. Alirudi mara mbili, nauli ikamshinda, akapanda basi akarudi kwa mumewe. Kwa mavyaa hakusema neno, kwa sababu kwenye mtaa ule, kama ilivyo kwetu, mwanamke aliyezaa kitu kisichokuwa mtoto atasemwa mpaka achoke.

Sasa tazama kile kilichopotea pale chumbani. Mimba ya zabibu, baada ya kusafishwa, katika wanawake wachache huacha mabaki yanayoendelea kukua, na mabaki hayo yanaweza kugeuka kuwa saratani. Ndiyo maana anaambiwa arudi apimwe homoni ya mimba kwenye damu, kila wiki moja au mbili, mpaka ishuke isionekane, kisha kwa miezi kadhaa zaidi, na asibebe mimba nyingine katika muda huo. Kutokwa na damu bila mpango miezi kadhaa baada ya mimba ya namna ile ni kengele kubwa. Mhudumu ambaye kaandikiwa "mimba mbili, watoto wawili" haisikii. Anaona mwanamke wa miaka 29 mwenye hedhi iliyovurugika, anampa vidonge mara ya tatu.

Kuna jambo hapa ambalo mimi sikulijua mpaka nilipoelezwa na mtaalamu tuliyempata baadaye, na ambalo nadhani wengi hawalijui. Katika saratani hii, majibu ya mgonjwa hayaishii kwenye utangulizi wa faili. Yanahesabiwa kwa pointi. Madaktari wana jedwali la kimataifa: umri umepita 40 au la, mimba iliyotangulia ilikuwa ya zabibu au iliyoharibika au ya miezi tisa, imepita miezi mingapi tangu hapo, kisha kiwango cha homoni, ukubwa wa uvimbe na mahali ulipoenea, na kama amewahi kupewa dawa zikashindwa. Wanajumlisha. Ukipata pointi sita kushuka chini, kwa kawaida unaanza na dawa moja. Ukifika saba, unapewa mchanganyiko wa dawa nyingi kali. Katika jedwali hilo mimba ya zabibu haina pointi, iliyoharibika ina moja, ya kuzaa kwa miezi tisa ina mbili. Miezi minane iliyopita ina pointi mbili, na zaidi ya miezi 12 ina nne. Kwa hiyo mwanamke anayeificha mimba yake ya mwisho, akamwachia daktari aamini kwamba mimba iliyotangulia ni ya mtoto wake wa miaka mitatu, anajiongezea pointi nne kwa mdomo wake, tatizo likiwa halijapimwa hata mara moja.

Tulirudi siku ya pili, mimi na yeye tu, hospitali nyingine. Nesi, mama wa makamo, alinitazama akanambia kwa upole, "Dada, tusubirie nje kidogo." Nikatoka. Hawakukaa dakika kumi. Akapimwa homoni, ikawa juu. Kilichofuata kilikuwa kirefu, sitakieleza chote, ila ni dawa moja, ya sindano, na alhamdulillah namba zimekuwa zikishuka. Ugonjwa huu ukishikwa mapema ni miongoni mwa saratani zinazopona vizuri kabisa. Kilichotofautisha kliniki ya kwanza na ya pili hakikuwa mashine, maana kipimo chenyewe kinafanyika kwenye maabara za kawaida. Yule nesi alimtoa ndugu chumbani, basi.

Nimesoma hoja kwamba wanawake wa Kiislamu ndio wagumu kujieleza, kwamba haya zetu zinatuua. Sikubali kirahisi. Msichana wetu anafundishwa tangu chuoni kuhesabu siku zake, kwa sababu swala na saumu zinategemea hesabu hiyo. Anajua hedhi ni nini, nifasi ni nini, istihadha ni nini. Anajua ada yake ni siku sita au saba, na anajua kwamba katika madhehebu yetu ikipita siku 15 basi si hedhi tena. Hakuna daktari asiyetamani mgonjwa anayejua tarehe zake hivyo. Bi Aisha, Allah amridhie, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwamba haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Tatizo letu liko kwingine: swali la damu iliyozidi tunalipeleka kwa ukhti au kwa ustadhi, tunaambiwa tutawadhe kwa kila swala tuswali, tunaridhika. Jibu la swala ni sahihi. Damu imetoka wapi, hilo ustadhi hakuulizwa. Ningependa sana walimu wetu wa kike, kila wakijibu suala la istihadha, waongeze sentensi moja: na uende hospitali. Hasa kwa mama aliyekoma hedhi mwaka na zaidi kisha akaona damu, hata tone. Katika kila wanawake kumi wanaotokwa na damu baada ya kukoma hedhi, karibu mmoja huwa na saratani ya nyumba ya uzazi. Tisa hawana. Lakini huyo mmoja hajulikani mpaka apimwe.

Na kule Mlima Kenya je, ambako mabuibui ni machache? Nilidhani ningekuta mambo wazi zaidi. Niliyoyakuta ni ukimya wa aina nyingine, wenye historia yake.

Mwaka 1929, Kanisa la Wamisionari wa Kiskochi, lenye hospitali zake Kikuyu, Tumutumu huko Nyeri na Chogoria upande wa mashariki wa mlima, liliwataka waumini watie saini au alama ya kidole kwamba wamekataa ukeketaji wa wasichana. Wakikuyu wanaikumbuka saini hiyo kwa jina la kirore. Aliyekuwa mbele katika kampeni ile, John Arthur, alikuwa mwenyewe daktari. Maelfu waliondoka kanisani, wakafungua shule zao. Mimi siutetei ukeketaji hata kidogo, na sheria ya mwaka 2011 imeupiga marufuku vilivyo. Nasema tu kwamba katika nchi ile swali kuhusu mwili wa mwanamke liliwahi kuulizwa na hospitali kama mtihani wa uaminifu, na jibu lilikuwa na gharama. Leo daktari anayetaka kumkagua mama wa miaka 70 anahitaji kujua kama alikatwa na kama kuna kovu, kwa sababu ukaguzi wenyewe unaweza kumuumiza. Mama yule anaweza kuona anashitakiwa.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, kuanzia Oktoba 1952. Wakikuyu, Waembu na Wameru walipangwa foleni, wakaulizwa na maafisa huku watoa habari waliofunikwa magunia wakiwanyooshea kidole. Wapo waliopigwa, na wanawake waliodhalilishwa kwa namna zisizoandikika hapa. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa waathirika zaidi ya 5,000. Kuhojiwa kule kulikuwa na jina, na jina lilikuwa skriningi. Neno hilo hilo ndilo lililoandikwa leo kwenye mabango ya kampeni za saratani kutoka Nyeri hadi Embu. Sidai kwamba msichana wa leo wa Karatina akiliona anakumbuka magunia. Ila mamake alilelewa na mwanamke aliyejifunza kwamba ukiulizwa na mtu mwenye karatasi, jibu fupi ndilo salama. Tabia hiyo haihitaji kumbukumbu ili irithiwe.

Hapo ndipo nilipoona jambo la ajabu. Wakikuyu wana mfumo wa majina ambao daktari yeyote wa saratani angeuonea wivu. Binti wa kwanza anapewa jina la mama wa baba, wa pili jina la mama wa mama. Wana wa kiume vivyo hivyo kwa mababu. Wanaofuata wanachukua majina ya ndugu za wazazi. Kila mwanamke anatembea na jina la nyanya au shangazi au khalati, na anaweza kukuchorea ukoo wa pande zote mbili bila kufungua daftari. Sisi Waswahili tunajisifu kwa nasaba, tunahesabu fulani bin fulani mpaka Hadhramaut, lakini ni orodha ya wanaume watupu. Muulize mtu wa Mombasa jina la mama wa baba wa mamake, atakodoa macho.

Lakini nilipowauliza akina mama niliozoeana nao Nyeri, shosho uliyepewa jina lake alikufa na nini, majibu yalikuwa kama ya kwetu. Tumbo. Alivimba. Alirogwa, mmoja alisema, halafu akacheka. Alikuwa mzee tu. Jina limehifadhiwa, ugonjwa umezikwa.

Kwa nini ni hasara? Kwa sababu baadhi ya saratani hizi hupita kwenye damu. Mwaka 1994 wanasayansi waliitambua jeni waliyoiita BRCA1. Mwanamke wa kawaida ana nafasi kama moja katika mia ya kupata saratani ya ovari maishani mwake. Aliyerithi hitilafu katika jeni hiyo ana nafasi kati ya 39 na 58 katika mia. Angelina Jolie, mwigizaji wa Marekani, ambaye mamake alikufa kwa saratani ya ovari akiwa na miaka 56, alipimwa akakutwa nayo, akatangaza mwaka 2013, na baadaye akatolewa ovari. Kuna hitilafu nyingine inayounganisha saratani ya utumbo mkubwa na ya nyumba ya uzazi, kwa hiyo mjomba aliyekufa kwa utumbo akiwa na miaka 45 ni habari muhimu kwa mpwa wake wa kike. Nadhani wengi wetu tukiulizwa hatutamtaja huyo mjomba kabisa, kwa sababu tunadhani ugonjwa wa wanawake unatoka kwa wanawake. Si hivyo. Jeni hizi zinaweza kupita kwa baba sawasawa na kwa mama. Shangazi yako upande wa baba, mwenye saratani ya titi akiwa na miaka 38, ana uzito sawa na khalati yako. Baba anaweza kuibeba bila kuugua akampa bintiye.

Sijui kama msomaji ananisikia ninapofika hapa: na sisi tumejifungia kwa lugha yetu wenyewe. Tunasema "alikufa kwa kansa ya kizazi". Kizazi kipi? Saratani ya mlango wa kizazi inaletwa na virusi vya HPV na kwa kawaida hairithiwi. Ya nyumba ya uzazi inaweza kurithiwa, na mara nyingi huenda pamoja na unene na kisukari. Ya ovari ni nyingine kabisa. Magonjwa matatu, maswali matatu tofauti, matibabu tofauti, na sisi tumeyatupa kwenye kapu moja. Binti akimwambia daktari "nyanya alikuwa na kansa ya kizazi", daktari hajapewa kitu cha kushika. Kule mlimani ni "tumbo", ambalo ni kapu kubwa zaidi.

Ile ya mlango wa kizazi ndiyo inayotumaliza kwa wingi. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalihesabu wagonjwa wapya 5,236 nchini Kenya na vifo 3,211. Chanjo yake ilizinduliwa hapa hapa Mombasa, Oktoba 2019, kwa wasichana wa miaka kumi. Maswali yake nayo ndiyo machungu kuliko yote: ulianza tendo la ndoa ukiwa na umri gani, unatokwa na damu baada ya tendo, hali yako ya virusi vya ukimwi ikoje. Swali hilo la mwisho si udadisi. Mwanamke anayeishi na virusi hivyo ana hatari mara sita ya wenzake, na ratiba yake ya kupimwa ni ya karibu zaidi. Sasa aulizwe mbele ya mavyaa! Au aulizwe kwa mtafsiri ambaye ni mwanawe wa kiume, maana mhudumu ametoka Kisumu, shosho anajua Kikuyu tu, na kijana ndiye aliyemleta. Niliona hivyo kwa macho yangu kwenye foleni. Kijana alitafsiri "damu baada ya tendo la ndoa" kwa kumuuliza mamake kama anaumwa mgongo. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Upande wa matibabu maswali hayaishi, yanageuka tu. Figo zikoje, kwa sababu dawa ya sisiplatini inayotumika sana huumiza figo, na saratani ya mlango wa kizazi yenyewe huweza kuziba mirija ya mkojo. Una sukari? Unasikia vizuri? Unataka kuzaa tena? Ulishawahi kutibiwa titi ukapewa tamoksifeni, dawa nzuri inayookoa, lakini ambayo huongeza hatari ya saratani ya nyumba ya uzazi? Uzazi ulitolewa zamani: ulitolewa wote au ulibakishwa mlango, na kwa sababu gani? Na dawa za miti, za huku au za mlimani, unazokunywa jioni ukificha. Kila jibu la uongo hapa linalipwa na mwili.

Asifikiri mtu kwamba maswali ni ya daktari peke yake. Boston, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960, wasichana wadogo walianza kuonekana na saratani adimu ya uke. Mama wa mmoja wao ndiye aliyemuuliza daktari: nilipewa dawa ya stilbestroli nikiwa na mimba yake, je, inaweza kuwa ndiyo? Daktari hakulichukulia uzito mara moja, kisha akaja mgonjwa mwingine, akauliza. Mwaka 1971 wakachapisha: wasichana wanane, na mama saba kati yao walikuwa wameimeza dawa ile. Hakuna darubini iliyolitoa hilo. Mama alikumbuka alichokimeza miaka ishirini nyuma, na hakuona haya kukisema.

Serikali yetu imewekeza kwenye maswali bila kuweka pazia. Septemba 2023 Rais alizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, wenye mikoba na simu, wapite nyumba kwa nyumba. Wazo zuri. Lakini mhamasishaji ni jirani yako, mnakutana kisimani na harusini, na anakuuliza kibarazani wifi yako akiosha vyombo hatua tatu kutoka hapo. Sheria ya kulinda taarifa ya mwaka 2019 inasema habari za afya ni nyeti, lakini inalinda kilichokwisha kuingia kwenye simu, haiwezi kulinda kilichosikika kibarazani. Mhamasishaji apewe kazi ya kumwambia mwanamke maswali gani atakayoulizwa hospitali, ili ajiandae na aulizie kwao kabla ya kwenda. Yale ya ndani yasubiri chumba chenye mlango. Na mlango huo ufungwe: dakika tano za mgonjwa peke yake, kila mgonjwa, hata aliyeletwa na mume, hata aliyeletwa na mimi. Mtafsiri awe mfanyakazi wa hospitali. Haya hayahitaji bajeti ya mashine.

Wakubwa watasema gharama ya matibabu ndiyo shida yenyewe, na hawakosei. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kikomo cha saratani kiliwekwa shilingi 550,000 kwa kaya kwa mwaka, 400,000 kutoka mfuko mmoja na 150,000 kutoka ule wa magonjwa makubwa. Mgonjwa wa Nyeri akihitaji Nairobi ni kilomita kama 150, na nauli na malazi havimo. Ndiyo hasa sababu ya kutopoteza miezi mitatu ya vidonge vya homoni kwa jibu ambalo lingepatikana kwa kumtoa mavyaa chumbani.

Niliporudi Mombasa nilichukua karatasi, nikachora. Upande wa mama nimepata majina matano, wawili wana jibu kamili, mmoja titi, mwingine mlango wa kizazi, na huyu nina hakika kwa sababu cheti cha hospitali kipo. Upande wa baba ilikuwa tabu. Shangazi yangu aliye Lamu alinambia kwanza niache kufukua wafu. Baada ya siku mbili akanipigia mwenyewe, saa za baada ya Isha, sauti chini, akanieleza kwamba mama yake mdogo alijaa tumbo kama mwenye mimba, akawa anatolewa maji hospitali kwa sindano, na hakumaliza mwaka. Alikuwa na miaka arubaini na kitu. Na dadake je? Akanyamaza kidogo. Akasema atamuuliza mtu Faza, mwanamke aliyemwosha.